Njia ya Mfalme na Mlango wa Raia: Habari za Maegesho katika Mitaa ya London

Hakuna mali ya umma iliyo karibu na nyumba ya mtu kuliko ule ukingo wa barabara upitao mbele ya mlango wake, wala hakuna mali ambayo ni rahisi zaidi mtu kuidhania kuwa ni yake hali si yake. Watoto wake huuvuka kila siku, wageni wake hushukia hapo, na endapo ana gari hulisimamisha hapo usiku baada ya usiku, hata mazoea yakavaa sura ya haki. Kisha hubandikwa tangazo juu ya nguzo ya taa, lisemalo kwamba tangu tarehe fulani hapana gari litakalosimama katika mtaa ule tangu saa mbili na nusu ya asubuhi hadi saa kumi na mbili na nusu ya jioni ila kwa kibali, na kwamba kibali hicho kina ada yake. Na hapo mtaa uliokuwa mtulivu hugawanyika, jirani akamtazama jirani kwa jicho la husuda, na karatasi ndogo ikazua ghadhabu ambayo kodi kubwa za dola hazikupata kuizua.

Watu wengi hulihesabu jambo hili kuwa la makarani na askari wa manispaa, lisilostahili wino wa mwanahistoria. Mimi naliona kinyume chake, kwa kuwa sheria kubwa humfikia raia mara chache, pengine siku ya kupiga kura au siku ya kuitwa mahakamani, ilhali sheria ya ukingo wa barabara humfikia kila jioni arejeapo kazini. Na kwa hiyo ni hapo anapojifunza, kwa uzoefu wake mwenyewe si kwa kuhubiriwa, kama wanaomtawala wana insafu au hawana. Nimechagua habari za London kwa sababu mji huo ulianza mapema kuugua maradhi haya, na kesi zake zimeandikwa na kuhifadhiwa, hata mtu aweza kufuata hatua kwa hatua jinsi masharti yalivyozaliwa, yalivyogeuzwa, na mengine yalivyobatilishwa. Nami nakusudia kuonyesha kwamba sharti la mtaa wa makazi halisimami kwa nguvu ya faini. Husimama kwa mambo mawili, nayo ni kwamba watu wa mtaa waliulizwa kabla ya amri kukatwa, na kwamba amri yenyewe ilitungwa kwa ajili ya njia, si kwa ajili ya hazina.

London ilijua taabu ya vyombo vinavyosimama njiani muda mrefu kabla ya kuijua harufu ya petroli. Mwaka 1634 nahodha mmoja wa bahari, jina lake Baily, aliweka magari manne ya kukodi ya kuvutwa na farasi katika barabara ya Strand, akawavalisha waendeshaji wake sare, akawawekea nauli maalumu, na akawaamuru wangojee abiria papo hapo; na wengine walipoona kwamba kungoja mahali pamoja kuna faida kuliko kuzunguka mji mzima, wakaja nao wakapanga magari yao hapo. Mwaka 1654, Uingereza ilipokuwa chini ya Oliver Cromwell, ilitolewa sheria iliyoyawekea magari hayo kikomo cha 300. Ama matajiri waliokuwa na magari yao wenyewe, hao hawakuyaacha njiani, kwa sababu farasi hutaka kulishwa, kunyweshwa, kusuguliwa na kukingwa na baridi. Na kwa ajili hiyo wajenzi wa mitaa ya fahari kama Mayfair na Belgravia, katika karne ya 18 na ya 19, walijenga nyuma ya safu za majumba vichochoro vya mabanda, farasi na gari chini, mtumishi na jamaa zake juu, hata mbele ya jumba pakabaki wazi kwa gari linaloshusha au kupakia mtu.

Katika zama hizo ilitolewa hukumu ambayo naihesabu kuwa nguzo ya habari hii yote. Mwaka 1812 mwenye magari ya abiria alishitakiwa kwa sababu magari yake yalikuwa yakisimama muda mrefu Charing Cross yakingoja abiria, na Jaji Mkuu wa wakati ule, Lord Ellenborough, akaamua kwamba gari lina ruhusa ya kusimama njiani kwa kadiri ya muda unaohitajika kwa kushusha na kupakia watu, kwa kuwa hilo ni katika manufaa ya njia yenyewe, lakini njia ya mfalme haikufanywa iwe ua wa kuwekea farasi, na kila azibaye njia bila idhini amewaudhi raia wote. Msomaji na aizingatie hukumu hii, maana ndani yake mna kanuni ambayo haijatanguka hata leo: njia ni ya kupita, na kusimama ni hisani iliyoambatana na kupita. Bunge nalo likaitia nguvu kanuni hiyo kwa Sheria ya Polisi ya London ya mwaka 1839, iliyomfanya mkosaji yeyote azibaye njia kwa makusudi, ama kwa gari, ama kwa mkokoteni, ama kwa mnyama.

Gari la petroli lilipokuja halikuivunja kanuni hiyo kwa ghafula. Liliimomonyoa kidogo kidogo. Sheria ya mwaka 1903 ililazimisha kila gari kuandikishwa na kuvaa namba tangu tarehe 1 Januari 1904, lakini suala la mahali litakapolala halikuwa na uzito, kwa kuwa wenye magari wakati huo aghalabu walikuwa wale wale wenye mabanda, nao wakaliingiza gari mahali pa farasi. Mwaka 1925 Sheria ya Afya ya Umma ikazipa halmashauri za miji uwezo wa kutenga mahali pa kuegesha magari, na kwa tendo hilo dola ikakiri kwamba kusimama nako kumekuwa haja ya umma. Kisha miaka ikapita, watumishi wa majumbani wakapungua, na mabanda yale yakageuzwa makao ya watu, kwa sababu chumba cha kulala katikati ya London kilikuwa na thamani kuliko chumba cha gari. Na gari lililotolewa bandani likawa halina pa kwenda ila mbele ya mlango wa bwana wake.

Na hao ndio waliokuwa na mabanda. Wengi wa watu wa London walikaa katika nyumba za safu, zilizojengwa zama za Malkia Victoria zikiwa zimeshikana ukuta kwa ukuta, kwa ajili ya makarani, mafundi na wachuuzi ambao wajenzi hawakuwaza hata siku moja kwamba watamiliki chombo cha kusafiria. Nyumba ya namna hiyo ina upana wa mita 5 au 6 hivi upande wa njia, na gari moja hutaka yapata mita 5 za ukingo. Maana yake ni kwamba kila nyumba ina nafasi ya gari moja tu hata kabla hujatoa mahali pa njia panda na pa malango, na nyumba ile ikigawanywa kuwa makao ya jamaa watatu, kama zilivyogawanywa nyumba nyingi, hesabu haikubali tena. Mwaka 1950 Uingereza ilikuwa na magari ya watu binafsi karibu milioni 2. Mwaka 1960 yalikuwa karibu milioni 5. Nyumba hazikuongezeka upana. Ugomvi wote wa maegesho ya mitaani, kwa lugha yoyote usemwayo na katika mji wowote utokeapo, umejengwa juu ya hesabu hii, na mtu asiyeikubali hesabu hii hataelewa kwa nini hakuna sharti lililopata kumridhisha kila mkazi.

Dawa ya kwanza ilitoka Marekani. Katika mji wa Oklahoma City wenye maduka walilalamika kwamba nafasi za mbele ya maduka yao zilishikwa mchana kutwa na magari ya watu waliokwenda kazini, na wanunuzi wakakosa pa kusimama. Basi mhariri wa gazeti aitwaye Carl Magee akabuni mtambo wa kuuza muda, na kwa msaada wa wahandisi wa chuo cha jimbo hilo mtambo ukakamilika, na tarehe 16 Julai 1935 mita ya kwanza ikasimamishwa, senti 5 kwa saa. Uingereza iliuchelewesha mtambo huo kwa zaidi ya miaka 20, hata Sheria ya Barabara ya mwaka 1956 ilipoukubali, na tarehe 10 Julai 1958 mita za kwanza za nchi hiyo zikaanza kazi katika eneo la Grosvenor Square, mtaani Mayfair. Bei ilikuwa peni 6 kwa saa, na muda usiozidi saa mbili. Aliyepitisha muda alitozwa shilingi 10 zaidi. Kwa mara ya kwanza mtu wa London alilipa ili asimame katika njia ambayo babu yake aliambiwa kwamba haiwezi kufanywa ua wa farasi.

Mita zilitaka wasimamizi, na polisi hawakutosha. Kwa hiyo waziri wa uchukuzi wa wakati ule, Ernest Marples, akaleta askari wa maegesho, walioanza kazi Westminster tarehe 15 Septemba 1960, wakiwa na uwezo wa kumwandikia mtu faini ya pauni 2 pasipo kumpeleka mahakamani. Miongoni mwa faini zao za kwanza kabisa ilikuwamo ya tabibu aliyeliacha gari lake nje ya hoteli alipokuwa akimtibu mtu aliyeshikwa na maradhi ya moyo; wananchi walipaza sauti, na faini ile ikafutwa. Kisa hiki hukumbukwa mara kwa mara, na naona hukumbukwa kwa haki, kwa sababu kilidhihirisha tangu siku ya kwanza udhaifu wa sharti lililoandikwa kwa dakika na rangi tu: halijui kwa nini mtu amesimama. Hukumu ya mwaka 1812 iliuliza haja ya msimamaji. Mita haikuuliza ila sarafu.

Lakini athari kubwa ya mita haikuonekana Mayfair, bali mitaa ya kando yake. Karani aliyekuwa akiegesha bure karibu na ofisi yake alipotakiwa kulipa na kuondoka baada ya saa mbili, hakuuza gari lake. Alilisogeza mpaka kwenye mtaa wa kwanza usio na mita, na mtaa huo aghalabu ulikuwa mtaa wa makazi, ambamo mama aliyerudi sokoni na vifurushi vyake alikuta mbele ya mlango wake gari la mtu asiyemjua, lisiloondoka mpaka jioni. Ripoti ya mwaka 1963 iliyoandikwa na Colin Buchanan kwa amri ya waziri yule yule, juu ya magari mijini, iliwafahamisha Waingereza kwamba magari yataongezeka sana, na kwamba mji hauna budi kuchagua ni mitaa ipi ya kupitisha magari mengi na ni mitaa ipi ya watu kuishi kwa amani. Katika fikira hizo za miaka ya 1960 ndipo vibali vya wakazi vilipoota mizizi: eneo zima likachorwa katika ramani, nafasi zikapigwa mistari myeupe, mahali palipokatazwa pakapigwa mistari ya manjano, na wenye nyumba wakapewa haki ya kusimama saa ambazo wageni wamekatazwa.

Sharti hili lina hekima ndani yake. Katika mitaa iliyo karibu na vituo vya treni, mbali na katikati ya mji, halmashauri nyingi ziligundua kwamba si lazima kukataza mchana kutwa. Inatosha kukataza saa moja au mbili za katikati ya siku, kwa maana msafiri anayeacha gari asubuhi na kulichukua jioni hawezi kuiruka saa hiyo, ilhali fundi wa mabomba, mjomba aliyekuja kusalimia na muuguzi wa wazee huweza kuja na kwenda saa nyingine pasipo bughudha. Lakini lina pia dosari iliyozaliwa nalo: kila eneo likizungushiwa mpaka, magari yaliyofukuzwa huhamia mtaa wa ng'ambo ya mpaka, na wakazi wa huko ambao jana walipinga vibali, kesho huviomba, hata eneo likapakana na eneo, na mwisho wake mji mzima ukawa wa vibali pasipo mtu yeyote kuamua siku moja kwamba uwe hivyo. Na tena kibali hakimhakikishii mtu nafasi. Halmashauri huweza kutoa vibali vingi kuliko nafasi zilizopo, na mwenye kibali akirudi usiku akakuta mtaa umejaa, hana wa kumshitaki.

Je, ni haki kumpa mkazi kile anachonyimwa mpita njia, hali njia ni ya wote? Swali hili lilifika mpaka mahakama ya juu kabisa ya Marekani. Katika wilaya ya Arlington, jimbo la Virginia, ng'ambo ya mto kutoka Washington, mtaa wa makazi uitwao Aurora Highlands ulijaa magari ya watu waendao katika maofisi ya Crystal City, na halmashauri ya wilaya ikapiga marufuku magari yasiyo na kibali tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, siku za kazi. Wafanyakazi wakashitaki, na mahakama ya jimbo ikawapa haki, ikisema kwamba kubagua mkazi na asiye mkazi ni kuvunja usawa mbele ya sheria. Mwaka 1977 Mahakama Kuu ya Marekani ikaigeuza hukumu hiyo, ikaeleza kwamba mji una ruhusa ya kupunguza makelele, moshi na hatari za magari katika mitaa ya watu, na kwamba kutofautisha mkazi na mgeni kwa makusudi hayo si ubaguzi wa dhuluma. Hukumu hii ilihalalisha vibali, lakini tuangalie ilivihalalisha kwa hoja gani: haikusema kwamba mkazi anamiliki ukingo, ilisema kwamba umma, kwa sababu njema, umemkopesha.

Wajapani walishika njia nyingine. Kwa sheria ya mwaka 1962 mtu hawezi kuandikisha gari lake pasipo kwanza kuithibitishia polisi kwamba ana mahali pa kuliweka nje ya barabara, karibu na makao yake; na barabara yenyewe imekatazwa kufanywa ghala la magari, hata gari likisimama mahali pamoja saa 12 mfululizo, au saa 8 usiku, mwenyewe amekosa. Nchi iliyo mbali kabisa na Charing Cross ikawa imeifuata kanuni ya Lord Ellenborough kuliko wenyeji wa Charing Cross wenyewe, nayo iliweza kwa sababu iliitunga sheria yake wakati magari yalikuwa bado machache. Ndilo funzo la wakati katika mambo haya: sharti likitangulia mazoea, watu huliona kuwa utaratibu, likija baada ya mazoea, huliona kuwa unyang'anyi.

Katika miaka hiyo hiyo sauti nyingine zilianza kusikika, sauti za watu ambao mabishano ya wenye magari yalikuwa yamewasahau. Sheria ya mwaka 1970 juu ya wagonjwa wa muda mrefu na wenye ulemavu ilileta Uingereza beji ya gari, ya rangi ya chungwa zamani na ya buluu siku hizi, inayompa mwenye ulemavu ruhusa ya kusimama karibu na anakokwenda. Na sheria ya mwaka 1974 ikapiga marufuku London kuegesha gari juu ya njia ya waendao kwa miguu, ili kipofu, mama mwenye kigari cha mtoto na mzee mwenye mkongojo wasisukumwe katikati ya barabara. Naziweka sheria hizi mbili juu ya nyingine zote kwa daraja, kwa sababu zilikumbusha kwamba swali la kwanza la ukingo ni nani asiyeweza kwenda bila ya nafasi hiyo, na swali la nani amezoea kusimama hapo huja nyuma yake.

Nasi sasa tumefika mahali ambapo fedha iliingia. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 1991 makosa mengi ya maegesho yaliondolewa katika hesabu ya jinai, na kati ya 1993 na 1994 halmashauri za London zikachukua kazi iliyokuwa ya polisi, zikaajiri askari wao wenyewe, na faini zikaingia katika mifuko yao. Bunge lilikuwa limekwisha kuweka kizuizi: Sheria ya Barabara ya mwaka 1984, ambayo ndiyo mama wa vibali vya leo, inaziamuru halmashauri kutumia uwezo wao kwa ajili ya mwendo salama na mwepesi wa magari na wa watu wa miguu, na kwa ajili ya maegesho yanayofaa, na ziada inayopatikana haiwezi kutumiwa ila kwa mambo maalumu, kama vile maegesho, usafiri wa umma na barabara. Lakini kizuizi cha karatasi ni kimoja, na tamaa ya mwaka wa ukata ni nyingine.

Mtu asidhani kwamba kugeuza masharti ya mtaa ni jambo la kalamu moja. Kanuni za mwaka 1996 zinaitaka halmashauri kutangaza kusudi lake gazetini, kueleza sababu zake, na kuwapa watu siku 21 za kuleta pingamizi kwa maandishi. Fauka ya hayo, mahakama zilikuwa zimekwisha kufafanua, katika kesi ya mwaka 1985 iliyohusu shule za Brent, sharti nne za shauri lililo halali: watu waulizwe wakati fikira bado ni changa; wapewe maelezo ya kutosha hata waweze kujibu kwa akili; wapewe muda; na majibu yao yatiwe mizani kwa moyo mnyofu kabla ya kukata neno. Sisi watu wa pwani tuliolelewa kuiheshimu shura hatuoni ugeni katika sharti hizi. Mtu anayekuita umshauri baada ya kwisha kuamua hakukushauri. Amekupa habari tu, na tena amekudharau.

Mwaka 1995 kanuni hiyo ya mashauriano ilijaribiwa katika Primrose Hill, mtaa wa halmashauri ya Camden. Halmashauri iliweka eneo la vibali, wakazi waliokuwa hawalitaki wakaenda mahakamani, na Jaji McCullough akaibatilisha amri kwa sababu wakazi hawakushauriwa ipasavyo. Na jaji yule akaongeza neno lililokuja kuwa na uzito kuliko kesi yenyewe: kwamba sheria ya mwaka 1984 si sheria ya kukusanyia mapato.

Neno hilo lilingoja miaka 18 likapata kazi yake. Mwaka 2011 halmashauri ya Barnet, kaskazini mwa London, ilipandisha ada ya kibali cha mkazi kutoka pauni 40 hadi pauni 100 kwa mwaka, na hati ya mgeni kutoka pauni 1 hadi pauni 4. Tazama uzito wa ongezeko la pili, maana la kwanza lilimgusa mwenye gari, bali la pili lilimgusa bibi kizee asiye na gari lolote, ambaye binti yake huja kumwangalia mara kadhaa kwa juma na kila ajapo hati moja huliwa. Mkazi mmoja aliishitaki halmashauri kwa niaba ya fikira za wengi, na mwezi wa Julai 2013 Jaji Lang akaamua kwamba ongezeko lile halikuwa halali, kwa kuwa lilikusudiwa kuleta ziada ya kulipia matumizi mengine ya usafiri na barabara, na halmashauri haina ruhusa ya kuwatoza watu wa vibali kwa kusudi hilo. Hukumu haikusema kwamba kibali kiwe bure, wala haikusema kwamba pauni 100 ni nyingi mno kwa nafsi yake; ilisema kwamba nia ndiyo iliyoharibika. Ada iliyopandishwa ili magari yapungue, au ili gharama za mtaa zilipwe, ni ada. Iliyopandishwa ili pengo la hazina lizibwe ni kodi iliyojivika nguo za ada, na kodi haitozwi pasipo idhini ya Bunge.

Kabla ya hukumu hiyo na baada yake London imeendelea kugeuza masharti yake. Baadhi ya halmashauri, zikitanguliwa na Richmond mwaka 2007, zimefanya ada ifuate kiasi cha moshi wa gari, hata mwenye gari linalochafua hewa alipe kuliko mwenzake. Kila sharti jipya hupingwa na watu wenye nia njema na kutetewa na watu wenye nia njema, na mwenye kuyasoma malumbano hayo kwa utulivu ataona kwamba pande zote mbili husahau jambo moja. Mkazi husahau kwamba kibali chake si hati ya milki. Halmashauri nayo husahau kwamba ruhusa inayoitoa si bidhaa yake ya kuuza. Ukingo ni amana mkononi mwa mmoja na hisani mkononi mwa mwingine, wala hakuna hata mmoja wao mwenye mamlaka ya kuufanya mtaji.

Habari hizi haziko mbali nasi kama zinavyoonekana. Sheria ya Waingereza iliyozaa hukumu ya mwaka 1812 iliingizwa Kenya kwa kadiri ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na Tanganyika kwa kadiri ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kwa hiyo kanuni kwamba njia ni ya kupita imo katika nasaba ya sheria zetu, na manispaa zetu zinapochora mistari na kutoza ushuru wa maegesho zinatembea katika njia iliyokwisha kutembelewa na wengine, yenye mashimo yanayojulikana. Tena pwani yetu haikungoja Waingereza ili ijue adabu ya mbele ya nyumba. Baraza ya jiwe iliyojengwa ukutani pa nyumba ya Unguja au Mombasa ni mali ya mwenye nyumba, na hata hivyo jirani huketi hapo bila ya kubisha hodi. Ukingo wa barabara ni kinyume chake, mali ya umma ambayo mwenye nyumba huitumia kwa kuachiwa. Na vyote viwili hudumu kwa kuwa kila upande unajua kadiri yake.

Basi halmashauri itakayotaka kugeuza masharti ya mtaa wa makazi na ianze kwa kuhesabu mita za ukingo na kuziweka hesabu hizo mbele ya watu, kwa kuwa wengi hugombana kwa kutojua kwamba nafasi haitoshi hata ikigawanywa na malaika. Iwaulize wakazi kabla ya kuchora ramani, na iwaulize pamoja nao wale wa mtaa wa pili watakaopokea magari yaliyofukuzwa. Imtangulize mgonjwa, mlemavu na mtu wa miguu. Iseme wazi ada itakwenda wapi, na isitoze senti moja zaidi ya inavyoweza kueleza. Kwa kufanya hivyo haitaongeza hata nafasi moja, maana ukingo haurefuki kwa mashauri. Itakachopata ni watu wanaokubali kwamba uhaba walio nao umegawanywa kwa haki, na penye uhaba usioondoka huo ndio mgawo mwema kuliko yote ambayo serikali yoyote imepata kuwapa watu wake.